Tabaka na rangi ya ngozi kwenye posa za Wahindi: mzigo wote anabebeshwa binti

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kila zinapoletwa hapa filamu na tamthilia za Kihindi, mjadala unaishia kwenye nyimbo, mavazi na machozi. Leo naomba tuzungumze jambo ambalo tamthilia hizo hulipitia juujuu: jinsi familia za India zinavyochagua mkwe. Nilisoma Pune, jimbo la Maharashtra, nikapanga chumba kwa familia moja yenye mabinti wawili waliofikia umri wa kuolewa. Niliyoyasikia pale sebuleni ndiyo yaliyonifanya nianze kusoma habari hizi kwa bidii. Uzi ni mrefu, nitaushusha kwa vipande.

Shika gazeti la Jumapili. Magazeti makubwa ya India yana kurasa za matangazo ya ndoa, na kwa miongo mingi matangazo hayo yamepangwa chini ya vichwa vya matabaka: Brahmin hapa, Agarwal pale, Kayastha, Maratha, Nair, Jat. Anayetangaza mara nyingi ni mzazi. Anataja tabaka, ukoo, urefu, digrii, kazi na mshahara. Likiwa tangazo la binti, panaongezwa rangi. Aliye mweupe anatajwa weupe wake kabla ya digrii. Asiye mweupe anaandikwa kuwa ana rangi ya ngano, ambayo sisi tungeiita maji ya kunde. Binti mweusi rangi yake hairukwi tu, inafichwa: panasifiwa tabia yake, elimu yake na upishi wake, na wasomaji wote wanaelewa.

Sasa tabaka lenyewe. Shuleni tulisoma makundi manne, kutoka juu kwenda chini: Brahmin (makuhani), Kshatriya (wapiganaji na watawala), Vaishya (wafanyabiashara) na Shudra (watumishi na vibarua), na nje ya hayo manne wale waliotengwa kabisa, ambao leo hujiita Dalit. Hiyo ni ramani ya vitabuni. Posa zinaendeshwa na kitu kidogo zaidi, jati, yaani kikundi kidogo anamozaliwa mtu ndani ya ngazi hizo, na jati ziko maelfu. Mtu haolewi tu na Brahmin, anaolewa na Brahmin wa jati yake, wa lugha yake, na asiwe wa ukoo mmoja naye, maana watu wa gotra moja huhesabiwa kama ndugu. Kwa hiyo mzazi anatafuta ndani ya duara na papo hapo anakwepa kipande cha duara hilohilo.

Utafiti mkubwa wa kaya uliofanyika India mwaka 2011 na 2012 ulikuta ndoa zinazovuka tabaka ni kama asilimia 5 tu. Mwaka 2021 shirika la utafiti la Pew la Marekani lilichapisha matokeo ya mahojiano na Wahindi karibu 30,000: asilimia 64 walisema ni muhimu sana kuwazuia wanawake wa jamii yao kuolewa nje ya tabaka. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 62. Zinakaribiana, ndiyo, lakini subirini nifike kwenye adhabu, muone nani anazipokea.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, naweka kambi hapa. Ila swali moja: si walishapiga marufuku mambo ya tabaka kwenye katiba yao? Nilidhani hizi ni habari za mababu.

Mleta mada

Mkuu, swali zuri, na watu wengi hukosea hapo. Katiba ya India iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950 ilifuta, kwa ibara ya 17, ile desturi ya kumwona mtu najisi asiyeguswa. Tabaka lenyewe haikulifuta. Inakataza ubaguzi kwa misingi ya tabaka, lakini haiwezi kumlazimisha mzazi kupokea posa.

Aliyeongoza kamati ya kuandika katiba hiyo ni B. R. Ambedkar, aliyezaliwa mwaka 1891 katika jamii ya Mahar, watu waliohesabiwa najisi. Huyu ndiye aliyenifungua macho. Mwaka 1916, akiwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliwasilisha andiko akionyesha kwamba kiini cha tabaka ni kuoana wenyewe kwa wenyewe. Ondoa hilo, na tabaka linabaki jina tupu. Halafu akauliza swali ambalo wengine hawakuthubutu kuuliza: kikundi kikitaka kuoana chenyewe kwa chenyewe milele, kitafanya nini na mjane? Mume akifa, mke anabaki amezidi hesabu. Akiolewa tena ndani, anamchukua mume wa msichana mwingine. Akiolewa nje, ukuta umetoboka. Kwa hoja hiyo Ambedkar akaeleza mambo matatu ambayo watu waliyaona kama dini tupu: kumchoma mjane pamoja na maiti ya mumewe, kumkataza mjane kuolewa tena, na kuoza watoto wadogo. Yote matatu ni njia za kulinda hesabu ya tabaka, na yote yanapita juu ya mwili wa mwanamke.

Miaka 20 baadaye, 1936, alialikwa kuhutubia kikundi cha wanamageuzi wa Kihindu kule Lahore. Waliposoma hotuba yake kabla ya siku, wakataka aipunguze. Akakataa, mkutano ukavunjwa, akaichapisha mwenyewe kwa fedha zake. Ndani yake alisema kula meza moja hakutoshi, dawa ni kuoana. Na mwaka 1948, akiwa mjane, akamwoa daktari wa kike wa Kibrahmin.

Kuhusu umri wa jambo hili: wanasayansi wa vinasaba walichapisha mwaka 2013 utafiti ulioonyesha kwamba watu wa India walichanganyika kwa kuzaana kwa maelfu ya miaka, na mchanganyiko huo ukakoma kiasi cha miaka 1,900 iliyopita. Kwa hiyo ni la zamani, lakini si la tangu mwanzo wa dunia, na kabla yake mababu wa hao hao waliokuja kutengana walikuwa wanaoana.

Mchangiaji wa tatu

Mleta mada, mimi ni dada wa Mombasa. Nimeolewa na nina rangi nyeusi ya kung'aa, nashukuru Mungu. Naomba tuende kwenye rangi. Majirani zetu Wahindi nawaona wengine weusi kunishinda. Rangi na tabaka ni kitu kimoja kwao? Mweupe ndiye wa tabaka la juu?

Mleta mada

Dada yangu, si kitu kimoja, na asante kwa kuuliza. Brahmin wa Tamil Nadu anaweza kuwa mweusi kuliko Dalit wa Punjab. Ndani ya nyumba moja utakuta ndugu wa tumbo moja mmoja mweupe, mwingine mweusi. Waingereza walijaribu kulazimisha ulingano huo: Herbert Risley, aliyesimamia sensa ya mwaka 1901, alipima pua za watu akitaka kuthibitisha kwamba ngazi za tabaka ni ngazi za asili. Kasumba hiyo bado imo vichwani mwa wengi.

Tabaka na rangi vinavyofanya kazi pamoja ni hivi. Tabaka ndilo linaloamua kama posa itapokelewa kabisa. Rangi inakuja baadaye, ndani ya tabaka hilohilo, na inaamua bei. Kumbukeni India mali inatoka kwa mwanamke kwenda kwa mwanamume, kinyume na mahari yetu. Sheria ya kukataza jambo hilo ipo tangu 1961, lakini linaendelea chini ya jina la zawadi: dhahabu, gari, fedha taslimu. Binti akiwa mweusi, upande wa bwana harusi unajua kwamba ana wachumba wachache, basi unaongeza dau. Baba anakopa. Na takwimu za polisi za India zimekuwa zikionyesha vifo zaidi ya 6,000 kwa mwaka vya wanawake vinavyohusishwa na madai hayo ya mali. Nasema hivi ili mtu asidhani habari ya rangi ni habari ya urembo tu.

Pale nilipopanga, binti mkubwa alikuwa mhandisi, mweusi, na alishazoea kuchunguzwa. Familia ya mchumba inakuja, yeye anabeba sinia la chai, wanamtazama, wanaondoka, baada ya siku mbili mshenga anapiga simu kusema nyota hazikulingana. Mdogo wake alikuwa mweupe, na wageni wawili waliuliza kama hawawezi kuhamishia posa kwa yule mdogo. Dada mtu alikuwa amekaa palepale. Sijawahi kuona mtu akinyamaza kwa uchungu namna ile, na mama yake akaingia jikoni kuendelea na mapishi kana kwamba wameulizwa bei ya vitunguu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dini yao wenyewe haiwaungi mkono. Krishna, mmoja wa miungu yao wakubwa, ni mweusi, jina lenyewe linasema hivyo, na jina lake jingine, Shyam, vilevile. Rama, mungu wao mwingine, anasifiwa kwa weusi. Draupadi, mke wa ndugu watano katika utenzi wao wa kale wa Mahabharata, alikuwa mweusi na alihesabiwa mrembo kupita wote. Wanaimba sifa hizo hekaluni asubuhi, jioni wanamkataa mkwe kwa rangi ileile.

Biashara nayo ikapata pa kuingilia. Krimu ya Fair & Lovely ilianza kuuzwa India mwaka 1975, na kwa miaka mingi matangazo yake yalikuwa na hadithi moja: msichana mweusi hana kazi wala mchumba, anapaka, anakuwa mweupe, milango inafunguka. Mwaka 2020, baada ya Mmarekani mweusi George Floyd kuuawa na polisi, kisha watu wakaanza kuhoji kampuni juu ya ubaguzi wa rangi, jina likageuzwa kuwa Glow & Lovely. Mwaka huohuo, mtandao wa Shaadi.com, ambao ni mmoja wa mitandao mikubwa ya kutafutia wachumba, uliondoa kichujio cha rangi ya ngozi baada ya wanawake wa Kihindi waishio Marekani kulalamika. Kichujio cha tabaka hakikuguswa.

Kabla ya hapo kulikuwa na kampeni ya wanawake iliyoanza Chennai mwaka 2009, ikisisitiza kwamba weusi ni uzuri, na mwigizaji Nandita Das akaibeba hadi ikajulikana nchi nzima. Ilisaidia wasichana wengi kusema hadharani waliyokuwa wakiyameza.

Mchangiaji wa nne

Wakuu, tusiwasute Wahindi peke yao. Kariakoo mkorogo unauzwa hadharani. Na mimi mwenyewe baba yangu alikataa nisioe kabila fulani. Tofauti iko wapi?

Mleta mada

Kaka, kuhusu mkorogo sina la kubishana nawe, ni ugonjwa uleule, na watengenezaji wengine ni walewale.

Kuhusu kabila natofautiana kidogo. Baba yako alikukataza, na huenda mlinuniana miaka. Lakini hakuna aliyesema kumgusa yule binti kunakutia najisi, wala kwamba kijiji chao kizima kichomwe. Sikiliza lililotokea wilaya ya Dharmapuri, Tamil Nadu, Novemba 2012. Kijana wa Kidalit, Ilavarasan, alioana na Divya, binti wa jamii ya Vanniyar, tabaka la juu kuliko lake. Baba wa Divya akajiua. Umati ukavamia makazi ya Wadalit na kuchoma nyumba zaidi ya 200. Julai 2013 Ilavarasan alikutwa amekufa kando ya reli.

Jimbo hilohilo, mji wa Udumalpet, tarehe 13 Machi 2016, mchana kweupe barabarani. Shankar, Mdalit aliyekuwa akisomea uhandisi, na mkewe Kausalya wa jamii ya Thevar, nayo ya juu kuliko Dalit, walikuwa wametoka kununua nguo. Walikuwa wameoana miezi minane tu. Wanaume wakafika kwa pikipiki wakawakata mapanga, kamera za dukani zikarekodi. Shankar akafa. Kausalya akapona, na alipopona akafanya jambo ambalo wachache wangeliweza: akapanda kizimbani kutoa ushahidi dhidi ya wazazi wake. Desemba 2017 mahakama ikawahukumu kifo watu sita, akiwemo baba yake. Juni 2020 Mahakama Kuu ya Madras ikamwachia baba na kuwapunguzia wale watano kuwa kifungo cha maisha. Kausalya hakunyamaza, akawa mwanaharakati wa kupinga tabaka.

Haya, tazama mpangilio. Visa vinavyosababisha damu kwa kiasi kikubwa ni vya binti wa tabaka la juu kumchagua kijana wa chini. Mwanamume wa juu akichukua mke wa chini, vitabu vya kale vya sheria ya Kihindu vinamvumilia. Akishuka mwanamke, ndipo vinapolaani. Kwa nini? Kwa sababu watoto wanahesabiwa kwa baba. Binti akishuka, uzao wake umehama tabaka. Ambedkar aliliona hilo miaka 100 kabla ya Udumalpet.

Na hata ndani ya tabaka moja hauko salama. Haryana, mwaka 2007, Manoj na Babli walikuwa Jat wote wawili, ila wa gotra moja. Baraza la wazee wa ukoo likatangaza kuwa wamefanya mwiko. Wakauawa na ndugu wa binti, licha ya kwamba walikuwa wameomba ulinzi wa polisi. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya India ilitamka kwamba mabaraza ya namna hiyo hayana mamlaka yoyote ya kuingilia ndoa ya watu wazima wawili, na ikaagiza majimbo yaandae nyumba salama za kuwahifadhi wapenzi wanaotishiwa.

Mchangiaji wa tano

Hii ni ya Wahindu tu au na Waislamu na Wakristo wa India wanayo? Uislamu hauna tabaka, hilo najua.

Mleta mada

Ndugu yangu, kwenye mafundisho halipo, kwenye posa lipo. Waislamu wa India wamegawanyika kati ya Ashraf, wanaodai asili ya Uarabuni, Uajemi na Asia ya Kati, na wale ambao mababu zao walisilimu kutoka matabaka ya chini, ambao leo wengi hujiita Pasmanda. Sayyid kumpa binti yake mtu wa jamii ya wafumaji ni jambo zito. Wakristo wa Kerala wanaojinasibu na Mtakatifu Thomas hawaoani kirahisi na Wakristo wa asili ya Kidalit, na sehemu nyingine hata makaburi yametenganishwa. Kwa Masingasinga, kwenye gurdwara, yaani hekalu lao, wote wanakula pamoja chini sakafuni, na hilo ni jambo kubwa la kuheshimiwa, lakini Jat na Mazhabi, Masingasinga wa asili ya Kidalit, kuoana bado ni kasheshe.

Mchangiaji wa sita

Niko Nairobi. Hapa kwetu utaona kumbi za jamii: Oshwal wana kituo chao, Patel wana klabu yao, Ramgarhia wana gurdwara yao. Nimefanya kazi na Wahindi miaka mingi, vijana wao wanasema siku hizi Patel akioana na Lohana hakuna kelele. Mwafrika je? Hapo wananyamaza.

Mleta mada

Mkuu, umegusa penyewe. Waliovuka bahari kuja kwetu hawakuja na ngazi nzima. Wengi walikuwa wafanyabiashara kutoka Gujarat na Kutch, na mafundi wa Punjab waliokuja wakati wa reli ya Uganda, kama hao Ramgarhia. Brahmin walikuwa wachache, Dalit vilevile. Kwa hiyo ngazi ikalegea, jati zikageuka jumuiya zenye shule, kumbi na zahanati zake. Kuoana kati ya jumuiya jirani kumekuwa kwepesi kadiri vizazi vinavyosonga. Ila ile nafasi ya chini kabisa iliyokuwa wazi, wengi walimweka Mwafrika, na bado vijana waliozaliwa Nairobi, Kampala na Dar wanaishi na matokeo yake.

Kule India kwenyewe wapo ndugu zetu, Masidi wa Gujarat na Karnataka, ambao mababu zao walitoka pande hizi za Afrika Mashariki karne nyingi zilizopita. Wanaongea Kigujarati au Kikannada, wanakula wanachokula majirani zao, na wengi wao hadi leo wanaoana wenyewe kwa wenyewe.

Mchangiaji wa saba

Mleta mada, umenivunja moyo. Mimi ni Mtanzania, nina mchumba Mhindi tuliyesoma naye Bangalore. Kwao ni watu wa jati ya Reddy. Ana miaka 26, mimi 28. Mama yake amejua, baba bado. Hakuna matumaini yoyote?

Mleta mada

Mdogo wangu, matumaini yapo, na watu wameyapigania muda mrefu. Karne ya 12, kule Kalyana, katika Karnataka ya leo, wafuasi wa Basava, mwanamageuzi wa dini, waliozesha binti wa Brahmin kwa kijana wa fundi viatu. Masimulizi ya Walingayati, ndio wafuasi hao, yanasema mfalme aliwaua baba wa pande zote mbili kwa hilo. Karne ya 20 Periyar, mwanaharakati wa kupinga tabaka, akaanzisha Tamil Nadu ndoa za kujiheshimu, bila kuhani wa Kibrahmin wala kuulizana tabaka, na mwaka 1967 serikali ya jimbo ikazitambua kisheria. Serikali kuu nayo ilianzisha mpango wenye jina la Ambedkar wa kutoa hadi rupia 250,000 kwa wanandoa ambao mmoja wao ni Dalit na mwingine si Dalit. Wewe haukuhusu, lakini ujue kwamba si kila mtu India yuko upande wa ukuta.

Sasa habari yako. Ninyi mtaoana chini ya Sheria ya Ndoa Maalumu ya mwaka 1954, inayoruhusu watu wa dini na mataifa tofauti. Mmoja wenu lazima awe ameishi katika wilaya hiyo siku 30 kabla ya kupeleka notisi. Notisi nayo inakaa siku 30, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu inabandikwa ofisini na mtu yeyote anaweza kuisoma, na kumekuwa na watu wanaozipiga picha na kuwatumia wazazi. Mahakama Kuu ya Allahabad ilisema Januari 2021 kwamba kutangaza notisi kuwe hiari ya wanandoa, lakini hiyo ni kwa jimbo la Uttar Pradesh, kwa hiyo ulizeni wakili wa Karnataka kabla ya kwenda. Muda ukiisha mnahitaji mashahidi watatu, na ndoa ifungwe ndani ya miezi mitatu tangu notisi. Wewe utahitaji hati ya kuonyesha huna ndoa nyingine, anzia ubalozi wetu New Delhi mapema.

Msimwambie baba mkiwa nyumbani kwao. Mama akiwa upande wenu, muacheni yeye achague siku na mtu wa kuongozana naye, mjomba au shangazi anayesikilizwa. Na kabla ya siku hiyo mwambie mchumba wako achukue vyeti vyake vyote, cha kuzaliwa, vya shule, pasipoti na kitambulisho, avihifadhi kwa rafiki anayeaminika. Nimeona zaidi ya mara moja wazazi wakivifungia kabatini, na binti mwenye umri wa utu uzima akabaki hana hata karatasi moja ya kuthibitisha kwamba ana haki ya kuondoka. Nitumie ujumbe pembeni, nikuunganishe na wakili wa kike niliyemfahamu kule.